Cheti Kilichotundikwa Sebuleni kwa Kaka

Mshauri mpendwa, nisaidie maana hata kukaa kitini siwezi, nashona sare za watu mikono ya shati naweka nyuma mbele, na yote ni kwa ajili ya binti yangu, mwembamba kama sindano lakini mapafu yake we acha tu, ambaye mwisho wa mwezi huu anakimbia marathoni yake ya kwanza, na mapafu hayo kayatoa kwangu wala si kwa baba yake anayehema akipanda ngazi. Tatizo ni kaka yangu. Enzi zetu karani wa mbio alitufukuza wasichana, "Nyie mtaanguka njiani, nendeni mkashangilie," basi kaka akajiandikisha, akateguka mguu zikiwa zimebaki siku mbili, nami nikakata nywele, nikavaa kofia yake na namba yake kifuani, nikakimbia mpaka mwisho na kuacha wanaume kibao nyuma, na karani yuleyule akanipa mkono, "Hongera, kijana!" Cheti kikaandikwa jina la kaka. Tukaapa kunyamaza, na mpaka leo kimetundikwa sebuleni kwake, kila mgeni husimuliwa. Sasa binti kaenda kumuuliza mjomba wake mbio zinakimbiwaje, na mjomba, mtu ambaye hajawahi kukimbia hata mvua, kamwambia, "Toka kwa kasi tangu mwanzo, na maji usiguse mpaka umalize." Nilipopinga, binti akacheka: "Mama, wewe wa cherehani utajua nini?" Nikisema ukweli namvua nguo kaka, nikinyamaza mwanangu atazimia barabarani. Nifanyeje?

Mama Mapafu

*

Mama Mapafu, pole, na hongera, kijana! Ulimsitiri ndugu yako, sawa. Lakini sasa binti azimie ili wageni wa mjomba waendelee kushangaa? Acha hizo. Karani alikunyima jina, usimmalizie kazi yake. Leo hii nenda kwa kaka, mwambie ana siku moja ya kumweleza mpwa wake kwa kinywa chake mwenyewe, akishindwa utasema wewe. Cheti usikiteremshe, hicho atajua mwenyewe. Kisha tafuta raba, mkakimbie na binti asubuhi. Mwache atoke kwa kasi kama alivyofundishwa, wewe nenda mdogomdogo. Ukimkuta ameinama kashika magoti, mpite, halafu mrudie na chupa ya maji. Hapo ndipo umuulize: wa cherehani anajua nini?