Kadi ya Kijani Kwenye Bunduki Yako

Landless, Thika
Jumatatu, 9 Machi 2026

Mpendwa Mjomba Mbaluka,

Kama ile bunduki uliyochukua karakanani kwetu Jumamosi iko mkononi mwako, tafadhali iweke chini, utoe risasi, halafu uendelee kusoma. Usiifyatue hata mara moja. Hata simba akiingia bomani leo, pigeni madebe, washeni moto, lakini usiifyatue.

Sasa nikusalimu. Hujambo, Mjomba? Goti linaendeleaje na baridi ya huko Rumuruti, Laikipia? Sisi ni wazima. Mama bado anakohoa kidogo, lakini jana aliimba kanisani mpaka mwisho. Hajui ninachokuandikia.

Nimekupigia simu tangu asubuhi na hupatikani. Ofisi ya ranchi walisema umepanda na ng'ombe mpaka boma la juu, ambako hakuna mtandao, na gari lao liko Nanyuki hadi kesho kutwa. Ndiyo maana nimeomba ruhusa kazini Ruiru nikaja Thika kwa Tobias, dereva wa lori linalowaletea chakula cha ng'ombe. Wanapakia sasa hivi. Ninaandika nikiwa nimekalia gunia, unisamehe mwandiko.

Mjomba, kosa ni langu.

Unakumbuka mliileta bunduki kwa Mzee Jeconia, fundi wetu, kwa sababu risasi zake za zamani hazipatikani tena. Kazi ilikuwa kuchonga upya kile kichumba cha mtutu ambamo risasi hukaa, kipokee risasi ya sasa, ambayo ni ndefu zaidi. Kuchonga alimaliza Ijumaa. Lakini kwetu kazi haiishii hapo. Kuna vipande viwili vya chuma vya kupimia: bolti, lile komeo la kufungia kichumba, lazima ijifunge juu ya kimoja na ikatae kujifunga juu ya kingine. Kisha bunduki hufungwa kwenye tairi kuukuu, na Mzee huifyatua kwa kamba ndefu akiwa nyuma ya ukuta. Ikipita salama, ndipo ananiambia nitoe kadi nyekundu na kufunga ya kijani. Bila neno lake, ya kijani haifungwi.

Jumamosi Mzee alikuwa kwenye mazishi Mugutha. Uliingia ukanikuta kaunta, ukacheka mbele ya wateja: "Aii, karani mkubwa! Na ni mimi nilikuwa nakubeba ukinikojolea mgongoni." Nilifurahi sana. Kadi yako ya kijani nilikuwa nimeshaiandika Ijumaa jioni, iwe tayari, kwa vile ni wewe. Nilipoona kichumba kinang'aa nikajiambia Mzee lazima amekwisha kupima. Sikumpigia. Niliona haya kumsumbua makaburini, na haya zaidi kukuambia wewe, uliyenisomesha, urudi mikono mitupu. Nikatoa nyekundu, nikafunga kijani, ukatia sahihi.

Leo asubuhi Mzee aliangalia ukutani zinapowekwa bunduki.

"Kavata, ile ya Rumuruti iko wapi?"

"Ilienda Jumamosi, Mzee."

"Ikaenda wapi? Mimi sijaipima!"

Alikaa juu ya sanduku la vifaa, akavua miwani. Akauliza uliondoka na risasi ngapi. Nikasema kumi. Akauliza nani alifunga kadi. Nikasema sijui. Mjomba, pale ofisini kadi huandikwa na mtu mmoja tu, na yeye anaujua mwandiko wangu.

Alinieleza kwamba kichumba kikizidi kina kwa unene wa karatasi tu, ganda la risasi linaweza kupasuka ndani na moto ukarudi usoni mwa mfyatuaji. Labda iko sawa, alisema. Labda haiko. Tangu atamke hilo neno "labda" sijaacha kukupigia simu.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, chomoa bolti uifungie peke yake kwenye sanduku la chuma, nayo bunduki mahali pengine penye kufuli. Usimpe Tobias chochote aniletee. Mzee amesema kipande cha bunduki kikikutwa kwenye lori la chakula cha ng'ombe hiyo ni kesi. Yeye mwenyewe atakuja Jumatano na karatasi zake. Na tafadhali, mwanao Kyengo asiiguse. Ninajua huwa unamwachia ajaribu.

Nikitoka hapa ninarudi Ruiru kumwambia Mzee ni mimi niliyeifunga ile kadi. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili. Hilo nimeshalikubali. Lakini lile jingine siwezi hata kuliandika.

Msalimie shangazi Wayua ukishuka, na Kyengo, na wachungaji wote wa boma la juu. Mwambie Kyengo kitabu chake nimekipata. Mungu ayafunike macho yako na mikono yako kwa saa hizi zote ambazo barua hii itakuwa njiani.

Wako akupendaye kwa hofu nyingi,
Kavata

Nyongeza: Nimemwambia Tobias asiondoke bomani kabla hajakuona ukiichomoa bolti. Halafu atateremka mpaka penye mtandao anipigie. Nimemwomba asianze na salamu. Aanze kwa kunieleza habari ya macho yako.