Mjane wa Mhunzi: Ushauri kwa Wanaoanza Mchezo Ule

Nakivale, Jumamosi, Novemba 2014. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mvua ya kimya isiyo na radi. Maharage yatafurahi. Mimi sijui.

Wasomaji wawili watatu wa ukurasa huu wameniuliza jinsi ya kuuanza mchezo wa kompyuta niliousimulia hapa. Nilikuwa nimepanga kuwajibu kwa furaha. Nitawajibu, ila furaha leo haipo.

Kwa asiyeujua: ni hadithi ya zamani ambayo unaicheza. Wewe ni fundi uliyeitwa kutundika kengele katika mji mdogo wa milimani, Ulaya ya kale. Siku unayofika, mhunzi wa mji anakutwa amekufa mtoni, chini ya daraja. Hakimu yuko njiani. Akifika atakuuliza wewe, mgeni usiye na upande, ni nani aliyemuua. Utakayemtaja atanyongwa.

Hakuna kupigana wala kufukuzana. Unatembea, unasoma, unazungumza na watu.

Ninauchezea Mbarara, kwenye chumba cha kompyuta anakofanya kazi Espérance, binti wa mdogo wangu. Wateja wakipungua ananipa mashine ya pembeni. Maneno yote ni ya Kifaransa, na Kifaransa bado ninakimudu kuliko ninavyozimudu ngazi za pale.

Usiharakishe. Huo ndio ushauri wa kwanza. Kila nyumba unayoingia inakula sehemu ya siku. Ukienda kwa mwokaji mikate, basi kwa padri hufiki. Hutaona yote. Vijana hukasirishwa na jambo hilo. Mimi halikunishangaza: aliyewahi kuikimbia nyumba yake anajua kwamba huondoki na vyote.

Tena, ukikaribishwa chakula, kaa ule. Watu husema zaidi mikono ikiwa kwenye sahani. Mtazame na yule asiyekula.

Ushauri wa tatu ndio ulioniharibia juma.

Mara ya kwanza niliingia nyumbani kwa mjane wa mhunzi maiti ikiwa bado ndani. Mchezo ukanipa njia mbili: nimuulize, au nikae naye kimya. Nikakaa. Ukaniuliza tena. Nikakaa tena. Kwetu Kivu ya Kusini huendi kwenye kilio ukamhoji mwanamke aliye chini kwenye mkeka. Kukaa ndiko kumpa pole.

Espérance alikuwa amesimama nyuma yangu, anacheka mpaka ameshika kiti.

"Baba mukubwa, jua inazama mu ule muji na wewe uko unakaa tu! Umuulize ule mama!"

"Ana msiba, mtoto wangu."

"Njo maana! Ni yeye anajua. Ama unangojea juge akukute pale unakunywa supu?"

Nilikaa. Hakimu akafika, nami nikawa na jina moja tu la kubahatisha, la mchunga kondoo. Wakamnyonga. Kengele iliyolia ni ile niliyoitundika mwenyewe.

Juzi nikaanza upya, na safari hii nikamuuliza mjane. Alijibu palepale. Alimtaja aliyekuwa na mumewe darajani, kisha akasema maneno ninayoyatafsiri hivi: tangu asubuhi nyumba imejaa watu, na hakuna aliyeniuliza.

Nikageuka nione kama Espérance anacheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja.

"Na mama yangu," akasema, "hakuna mutu alimuulizaka."

Niwaeleze. Mdogo wangu, baba yake Espérance, sijamwona tangu vita vya 1996. Tulikimbia kwa njia mbili. Mimi nilitangulia na wazee, yeye akabaki na mkewe. Nilipokutana na mkewe hapa Nakivale, kambini, alikuwa na mtoto mgongoni na hakuwa na mume. Katika ukoo wetu, kumuuliza mke kama mumewe amekufa ni kumuua mtu kwa mdomo. Sikuuliza. Tulisema "alibaki", tukaendelea kusema hivyo mpaka yule mtoto wa mgongoni akawa msichana anayenicheka mbele ya kompyuta.

Msiba usioanzishwa hauwezi kumalizwa. Espérance amekua bila kujua kama ana baba wa kumngojea au wa kumlilia.

Leo asubuhi nilikwenda Kashojwa, hapahapa kambini, kwa mama yake. Alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nilivua kofia, nikakaa kidogo, kisha nikauliza.

Mikono yake haikusimama mara moja.

"Alikufa, shemeji. Homa, mu njia, tulikuwa hatuyafika ku ziwa. Nilimuzika na jembe ya kuazima, chini ya muti, nyuma ya kanisa ya matofali. Fasi ile ninaijua."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Bibi hatangazake kufa ya bwana yake kwa bakwe. Mukubwa wa jamaa ndiye anaulizaka. Nilikungojea wewe." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Kisha nikawaza: banajua. Ni mimi banakatalia kilio."



Desturi zote mbili ni zetu. Yeye alishika yake, mimi nikashika yangu, na kati yetu mtu mmoja amelala miaka yote hii bila kuliliwa.

Kwa hiyo, ninyi mnaoanza mchezo: nendeni kwa mjane mapema. Kaeni naye kwanza, ndiyo, msimrukie kama askari. Lakini kabla jua halijazama, muulizeni. Mkiona aibu, ulizeni na aibu yenu. Huenda kazi aliyobaki nayo ni kungoja swali lenu.

Nilipotoka nilimpigia Espérance simu, nikamweleza yote nikiwa nimesimama chini ya bati la duka.  

"Muti gani?" akauliza.

Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Kesho anakuja kutoka Mbarara. Tutatandika mkeka kwa mama yake na kuwasha moto wa kilio, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nitakaa kimya, kama ninavyojua. Swali la mti atauliza yeye.