Gambuti Kutoka Kurasini

Kurasini, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Dada Nanyori,

Takwenya. Hamjambo huko Piyaya? Goti la mama je? Ng'ombe wanapata majani? Mimi mzima, ila vumbi la malori ya bandarini limenikaa kifuani, nakohoa kama beberu. Simu yangu imeibiwa hapa hapa getini. Mlinzi kaibiwa! Wenzangu wamenicheka mpaka basi. Kwa hiyo nitaandika, na Wilibrodi wa lori la vitunguu ataacha barua Karatu, dukani kwa Angelina.

Mwambie Lesiamon sijasahau. Tulipatana mwaka mmoja mimi nilinde makontena yeye achunge, kisha tubadilishane, naye aje aone meli. Najua mwaka umeshapita. Bosi anasema nikiondoka sasa nafasi anapewa mwingine. Mdogo wetu avumilie mpaka masika yaishe.

Kaka yako,
Parmuat

Piyaya
27 Februari 2024

Kaka Parmuat,

Supai. Sisi hatujambo. Goti la mama ni lile lile, na mdomo wake ni ule ule, anauliza kila siku unakula nini huko.

Lesiamon kanuna. Anasema hiyo meli yako itakuwa imeshaota mizizi. Halafu akacheka, akauliza kama inaweza kubeba ng'ombe wote wa Piyaya na mbwa juu. Mvua zimekuja kwa fujo mwaka huu. Anavuka korongo na ng'ombe tope likiwa magotini, viatu vya matairi vinabaki humo humo. Anaomba gambuti. Mimi naomba urudi. Amechoka, kaka.

Dada yako,
Nanyori

Kurasini
24 Machi 2024

Dada,

Habari za huko? Mama mzima? Mimi salama.

Gambuti hizo! Nimezijaribu mwenyewe, maana mguu wangu na wa Lesiamon ni mmoja. Nimeandika LESIAMON ubavuni, herufi kubwa, ili zisibadilishwe njiani. Ni ile rangi nyeupe wanayoandikia namba za makontena. Haitoki hata kwa maji ya chumvi. Avae azunguke boma lote, kisha uniambie alichekaje. Juni nipo nyumbani, na safari hii sibadilishi.

Kaka yako,
Parmuat

Kurasini
21 Aprili 2024

Dada,

Hamjambo? Mbona kimya? Wilibrodi amerudi mikono mitupu mara mbili. Gambuti zimemtosha Lesiamon? Au Lesiamon bado kanuna? Mwambie Lesiamon akiendelea kununa nitazidai nivae mwenyewe.

Kaka yako,
Parmuat

Piyaya
2 Mei 2024

Kaka Parmuat,

Mama yupo. Mimi nipo. Barua zako zimefika, nikamsomea mama. Kila nilipofika kwenye jina la mdogo wako nililiruka. Usiliandike tena, kaka. Unajua kwetu ni jina la nani ambalo halitajwi.

Maji yalishuka korongoni ghafla, akarudi kumvuta ndama. Ndama alitoka.

Gambuti zilifika tukiwa tumeshanyoa vichwa kwa msiba. Nilichukua kisu nikwangue yale maandishi kabla watu hawajayaona. Hayatoki. Mama akanikuta, akauliza hapo pameandikwa nini. Nikamwambia pameandikwa Kurasini. Sasa anapapasa pale, anasema afadhali mwanangu wa Kurasini yu mzima.

Nilishindwa kukuandikia mapema. Kalamu ilikuwa inagoma mkononi. Pole, kaka. Na mimi nipe pole.

Dada yako,
Nanyori

Kurasini
9 Mei 2024

Dada Nanyori,

Pole. Pole sana, dada yangu. Mpe mama pole, halafu umpe tena.

Barua yako nimeisomea getini. Malori yamepiga honi, sikufungua. Mwenzangu Sairowua akaja kufungua yeye, akaniangalia, hakuuliza ni nani. Amekwenda kununua wembe, akaninyoa pale nyuma ya makontena. Nimelia mbele ya madereva wote wala sikuona haya.

Lile korongo mwaka huu lilikuwa la kuvuka mimi.

Nimeacha kazi. Alhamisi ijayo napanda lori la Wilibrodi mpaka Karatu, kutoka hapo nitajua mwenyewe. Ng'ombe wakae, nitawachunga.

Acha kukwangua, dada. Zisuuze tope, uziweke mlangoni. Nitazivaa hivyo hivyo. Mama akiuliza tena, mjibu vile vile, pameandikwa Kurasini.

Kaka yenu,
Parmuat