Daftari la Mlangoni

Nakivale, Base Camp
6 Machi 2011

Kwako kaka Anselme,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na wifi yangu Eliane. Huku kambini tu wazima. Mguu wa mama umepungua uvimbe; anakwenda kanisani bila fimbo na kurudi akilalamika kuhusu mahubiri, kwa hiyo jua amepona. Ninyi je, hiyo malaria ya Kakoba imewaachia?

Ninaandika kwa sababu simu hukata kabla sijamaliza kukukasirikia.

Kikundi cha maigizo tulikianzisha wawili. Ulipohamia Mbarara ukatuletea ule mradi wa kunawa mikono, nikaukubali kwa kuwa wewe ni mkubwa. Mwaka mzima tulicheza mara thelathini na mbili, na kila aliyetazama alipewa kipande cha sabuni. Mradi ukaisha Desemba. Januari tukacheza mchezo wetu wenyewe, ule wa mjane na mashemeji zake. Wakaja watu kumi na mmoja. Wanane waliuliza sabuni inagawiwa saa ngapi. Tumewafundisha watu kulipwa ili watutazame, kaka, na somo hilo wewe ndiye uliyelileta.

Sasa sikiliza hesabu yangu. Mzee Semahoro amenipa kiwanja chake nyuma ya soko mpaka mwisho wa Julai. Nimesimamisha nguzo ishirini na mbili, nimefunika turubai, nimejenga mabenchi ya udongo kwa mikono hii hii inayouza vitenge. Wanakaa watu mia na ishirini. Kiingilio ni shilingi mia tano au kikombe kimoja cha maharage. Nikipata watazamaji themanini kila Jumamosi, wachezaji wanane wanakula na mzee anapata pango lake. Nikishindwa, tarehe moja Agosti ukumbi unakuwa stoo yake ya mahindi. Ameshaniambia usoni: "Mama, mahindi hayaulizi sabuni."

Sikuombi pesa, nakuomba kichwa. Ulikuwa hodari wa kuita watu. Niambie nifanyeje wajue kwamba safari hii ni jambo la kweli.

Mdogo wako,
Eugénie

*

Mbarara, Kakoba
19 Machi 2011

Mdogo wangu Eugénie,

Barua imefika pamoja na hasira yako yote, hakuna kilichomwagika njiani. Sisi tunaendelea vizuri, malaria imehamia kwa jirani. Eliane anauliza kama kile kitenge cha rangi ya kahawa bado kipo. Mwambie mama nimefurahi kuhusu mguu, na mchungaji nampa pole.

La sabuni nimekosa. Nimelisema mara moja, usinirudishe tena hapo. Lakini mkimbizi anayepanga foleni ya unga hatakulipa ili akuone ukilia jukwaani. Hata huku mjini ni kazi. Mwezi jana tulicheza Bwizibwera. Wauza maziwa walitutazama vizuri mpaka gari la maziwa lilipofika, tukabaki na ng'ombe wawili. Sasa kuna mradi mpya wa vyandarua, wanatafuta kikundi cha Nakivale. Usikatae kabla ya kufikiri.

Kama umeshaamua, basi fanya hivi. Watu huheshimu kitu chenye maandishi. Weka meza mlangoni, umkalishe Mariette wa kikundi chenu na ile miwani yake, aandike kila anayeingia: jina, kijiji anachokaa, familia ina watu wangapi. Baada ya miezi mitatu utakuwa na ushahidi ambao hakuna mfadhili atakayeubishia. Nakutumia daftari kubwa la jalada gumu kutoka dukani kwetu, pale ninapopiga fotokopi.

Kaka yako,
Anselme

*

Nakivale
17 Aprili 2011

Kwako kaka mwenye mashaka,

Salamu nyingi, na kaa chini kabla ya kusoma. Sisi ni wazima, ila nimepoteza sauti, na utajua kwa nini.

Tarehe mbili walikuja watu arobaini na sita. Tarehe tisa, tisini na watatu. Jana walikuja mia nne na kumi na wawili! Tulicheza mara nne, tangu saa tano mpaka jua likazama, na Mariette ana malengelenge kwenye kidole cha kuandikia. Maharage yamejaa magunia. Mzee Semahoro alisimama pembeni akihesabu kwa midomo.

Na adabu yao, kaka! Wamekuja familia nzima nzima, watoto wamepakwa mafuta, akina baba wamevaa makoti ya Jumapili. Kila mmoja ameshika kadi yake ya chakula ndani ya plastiki, kama mtu anayeingia ofisini. Walikaa wima tangu mwanzo. Mpaka pale shemeji anapoanguka na sufuria kichwani, fasi ambayo siku zote huwavunja mbavu, walitazama kimya, macho makavu. Nikasema labda wamekuwa watazamaji wa mji mkubwa. Bibi Nyirabizimana alilia machozi Mariette alipokosea jina lake, akataka lifutwe na kuandikwa upya herufi kwa herufi.

Wengi wanauliza awamu ya pili ni lini. Nimewajibu ni kila Jumamosi.

Waambie wenye vyandarua watafute kwingine. Na wewe, uliyesema watu wa kambi hawalipi, nenda kajitazame kwenye kioo.

Mdogo wako,
Eugénie

*

Kakoba
21 Aprili 2011

Eugénie,

Wazima wote. Simu yako imezimwa tangu juzi, nimempa dereva barua hii akuwekee mkononi.

Jana kuna mtu wa kwetu, fundi viatu, alinifuata dukani. Aliniomba nikubembeleze umwandike kwenye daftari lako. Nikamwuliza, daftari la maigizo? Akacheka kama mtu anayetunza siri: "Kaka, usinifiche. Ile liste ya wakimbizi wa kwenda Amerika." Leo wamekuja wengine watano. Wanasema majaribio yanafanyika ndani ya ukumbi: unaonyeshwa mchezo, na anayekaa kwa nidhamu ndiye anayechukuliwa.

Kosa ni langu. Jina, kijiji, idadi ya familia, meza, miwani: hivyo hivyo ndivyo maofisa wanavyoandikisha wakimbizi wa kupelekwa nje. Nimekaa kambini miaka saba, ningepaswa kujua. Usifungue mlango Jumamosi kabla ya kuwaambia.

Kaka yako

*

Nakivale
8 Mei 2011

Kaka Anselme,

Natumaini hamjambo nyumbani. Sisi hatujambo, na nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka kwanza nijue mwisho wake.

Barua yako ilinikuta Ijumaa. Kesho yake saa tatu asubuhi walikuwa zaidi ya mia sita, wengine wametembea tangu alfajiri kutoka Rubondo. Ningeweza kunyamaza. Watu mia sita kwa shilingi mia tano: hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesimama. Ukumbi ungekuwa wangu mpaka mwakani.

Nikapanda juu ya benchi nikasema: "Hii daftari haipeleke mtu Amerika. Haipeleke mtu hata Mbarara. Ni ya kujua tu nani alikuja kutazama."

Bonge la udongo likapita karibu na sikio langu, na sauti moja: "Basi, muturudishie maharagi yetu!"

Ni haki yao. Nikachukua daftari, nikaanza kusoma majina ya wale mia nne na kumi na wawili, kila mmoja aje achukue alichotoa. Nikasoma: "Gatete, Kabazana, familia ya watu kumi na wanne."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumi na ine? Huyu ana bibi moja na mbuzi!"

Gatete akasimama, hana aibu: "Nilihesabu na bale batazaliwa!"

Hapo mtu wa kwanza akacheka. Nikaendelea. Bibi Nyirabizimana alikuwa ameandikisha waume wawili. Nikamwuliza. "Mumoja alikufa," akasema, "wa pili niko natafuta." Kaka, ukumbi ulianguka kwa kicheko. Kila jina likazua kesi, kila kesi ikapata mashahidi. Afande wa polisi akafika: "Hii mkutano gani? Nani alipatia nyinyi ruhusa?" Nikampa barua yetu ya ruhusa. Akaisoma yote, akanirudishia, akatafuta fasi ya kukaa. "Sawa. Soma ile ya mbuzi tena."

Si wote waliocheka. Kuna mama aliyeuza kuku wake wote ili alete wazazi kutoka Juru. Huyo nilikaa naye mpaka alipoacha kulia.

Magunia yamebaki matupu. Lakini usiku ule wachezaji hawakutawanyika. Mchezo tumeupata, tena umetungwa na watu wenyewe: daftari, meza, miwani, na wajinga wote waliohusika, mimi nikiwa wa kwanza. Tarehe thelathini walikuja thelathini na wanane. Jana, sabini na mmoja. Wamekosekana tisa kufikia themanini, najua, usinihesabie. Lakini hao sabini na mmoja walilipa wakijua wanalipia nini, na walicheka mahali pa kucheka.

Mzee Semahoro anasema Julai ni Julai. Nimemjibu kwamba ninajua kusoma kalenda.

Mdogo wako,
Eugénie

*

Mbarara
31 Julai 2011

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Huku tu wazima. Nimenyamaza miezi miwili na nusu kwa sababu kila barua niliyoanza iligeuka kuwa ushauri.

Jana nilikuja Nakivale bila kukuarifu. Nilikuwa na nyundo na kamba mfukoni. Nilijua ni Jumamosi ya mwisho, na nguzo zote zile haziwezi kung'olewa na mtu mmoja. Nikalipa mia tano yangu, nikakaa benchi la nyuma, kofia usoni. Mzee Semahoro mwenyewe alipita akitusukuma tusogeane. Nikamwuliza kama mtu mgeni ukumbi unafungwa lini. Akaniangalia vibaya. Mahindi, alisema, hulipa mara moja kwa msimu. Huyu mwanamke hulipa kila Jumamosi, kwa hiyo stoo itangoja. Nilihesabu vichwa, maana tumezaliwa na ugonjwa mmoja: mia na wanne.

Halafu akaingia jukwaani yule kaka wa mjini, mwenye tai, anayetuma ushauri kwa barua. Hukuniambia kwamba nimo. Watu walishika mbavu. Jirani yangu akanigonga kiwiko: "Huyu kaka ni mujinga kabisa!" Nikamwambia ninamfahamu, ni kweli kabisa.

Sikuja kukusalimu. Nilipanda gari la jioni nimekasirika, na tulipofika Kabingo nilikuwa nacheka peke yangu, abiria wananiogopa.

Sasa neno la kazi. Huyo anayenicheza ana kipaji, lakini anaharakisha. Mimi ushauri mbaya huutoa polepole, nikijiamini. Nimewaaga watu wa vyandarua. Jumamosi ijayo nina nafasi, na zinazofuata pia. Nipime kwa nafasi ya huyo kaka, jinsi unavyowapima wachezaji wengine.

Kaka yako,
Anselme