Ndama Jikoni, Mama Yake Mlangoni

Mpendwa Mama Peigi,

Naomba unisaidie kabla mume wangu hajaita lori la mnada, maana tangu Jumanne hatusemezani vizuri humu ndani na kisa ni ng'ombe. Mimi na Fearchar tulirudi hapa kisiwani Mull mwaka jana baada ya kufanya kazi Glasgow maisha yetu yote, yeye dereva wa basi, mimi mpishi wa shule, tukarithi shamba la shangazi yake, nikasema bila ng'ombe mwekundu wa manyoya marefu sitajisikia nimefika nyumbani, akaninunulia Ròsaidh akiwa na mimba, na ng'ombe huyo nimempenda kuliko ninavyoweza kukueleza, kila jioni nilikuwa namchana manyoya naye ananiegemea kama mlevi mpaka nashika ukuta.

Jumanne asubuhi akazaa peke yake nyuma ya ukuta wa mawe, mvua ya theluji inapiga, nami kumwona yule mtoto amelowa anatetemeka moyo ukanipasuka, nikasubiri Ròsaidh ainamishe kichwa kwenye ndoo ya nafaka niliyompelekea, nikambeba ndama mbio hadi jikoni, nikamfunika sweta ya Fearchar. Hatujamaliza kumkausha tukasikia mlango unagongwa. Zilikuwa pembe. Ubao wa chini ukavunjika, Ròsaidh akaingiza kichwa chote, analia kilio ambacho sijawahi kukisikia, na Fearchar kapanda juu ya meza anasema, "Mpe mtoto wake, mwanamke. Mpe." Nikamtoa ndama kwa mlango wa nyuma, wakaondoka wote wawili bila kunitazama.

Tangu hapo nikikaribia, Ròsaidh ananiinamishia pembe na kupuliza kwa pua. Jirani yetu Dolina, mwenye ng'ombe wengi, ananicheka, "Umemwibia mtoto, ulitaka akushukuru?" Fearchar naye anasema, "Beathag, huyu atakuua. Auzwe mnadani Oban na mwanawe." Najua anaogopa kwa ajili yangu, lakini nikimfikiria Ròsaidh ndani ya lori, lori ndani ya feri, chakula hakipiti. Nimempoteza? Nimuuze?

Beathag, Mull

*

Beathag mpenzi,

Pole. Sasa nisikilize. Ng'ombe wako hakuchukii. Alizaa, hajamaliza hata kumlamba mwanawe, mtu aliyemwamini akakimbia naye. Ungekuwa wewe, mlango ule ungebaki na ubao?

Ndama wa ng'ombe hawa huzaliwa na koti lake. Kinachompa joto ni ulimi wa mama na dang'a, yale maziwa ya kwanza, tumboni, si jiko lako. Ròsaidh alichagua upande wa ukuta usiopigwa na upepo, na alichagua vizuri. Siku nyingine simama mbali utazame. Ndama akiinuka na kunyonya, rudi ndani ukanywe chai. Asiponyonya, mwite daktari wa mifugo.

Kuhusu pembe, Fearchar hajakosea, usimdharau. Usiingie malishoni peke yako, na usipite kati ya mama na mtoto hata uwe na mapenzi kiasi gani. Mrushie nyasi kavu ukiwa nje ya uzio, kisha baki hapo umsemeshe taratibu. Usimhonge kwa ndoo za nafaka, atanenepa na atajifunza kukusukuma. Ukiona anacheua kwa utulivu nawe upo, hapo ndipo utoe brashi, na bado uzio uwe katikati yenu. Ataamua yeye lini.

Na kuna jambo hukuuliza. Ng'ombe haishi peke yake. Wewe ndiye uliyekuwa kundi lake, ndiyo maana alikuegemea hivyo, na ndiyo maana ameumia hivi. Mwambie Dolina aache kucheka, akuazime ng'ombe mmoja mzee, mpole, walishwe pamoja hadi upate wa kwako.

Usimuuze. Mama anayemfuata mwanawe namna hiyo ndiye anayetafutwa na kila mfugaji wa milima hii. Mtu wa mnada akija, mwambie hivyo, halafu mfungie geti.

Mama Peigi