Kilichosikika Kwenye Maiki ya Malkia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Kazini huitwa Masikio.
Jinsia na umri: mwanamume, miaka 53.
Kazi: fundi sauti wa tamthilia ya televisheni.
Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya magari. Anaishi peke yake.

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa miguu.

Tamthilia tunayotengeneza inahusu dunia ya miaka mia tatu ijayo. Huko wanawake ndio wenye amri. Mwanamume hatoki nje bila ruhusa ya mkewe, na kila mmoja amevishwa bangili inayowaka nyekundu akivuka kizingiti bila ruhusa. Mpiga picha wetu husema yeye haoni cha ajabu, nyumbani kwake hiyo miaka mia tatu imeshafika. Watu hucheka. Mimi nilicheka mara ya kwanza.

Mwigizaji mkuu ni dada ambaye wote tunamwita Malkia, kwa kuwa ndiye anayetawala katika hadithi. Akipita mbele ya kamera, wanaume wote hupiga magoti. Mumewe humleta asubuhi na kumfuata jioni. Ni mtu mpole wa kutazama, anasalimia hadi mlinzi wa geti, nasi tunamwita shemeji.

Afande ameniuliza kazi yangu hasa ni nini. Ninakaa nyuma ya pazia jeusi, kwenye kona ya ghala tulilogeuza studio, hedifoni masikioni. Kila mwigizaji ana maiki ndogo kifuani. Ninamsikia akipumua, akimeza mate, akimsengenya mwenzake. Wakinisema mimi nawasikia pia. Kazi hii inakufanya ujue mambo ya kila mtu na usiwe mtu wa yeyote. Malkia peke yake ndiye hunijulia hali.

Kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Mwongozaji wetu, ambaye ni mwanamke, ana utaratibu anaouita kupindua. Kabla ya kurekodi onyesho lolote, waigizaji hulifanyia mazoezi kwa kubadilishana nafasi. Wanaume wanasema maneno ya wale wanawake wenye amri, na wanawake ndio wanaoomba radhi. Anasema hivyo kila mmoja ataonja anachompa mwenzake. Basi utawakuta wamejifungia popote, kwenye korido, chumba cha kuvalia, hata chooni, wanapindua. Katika jengo lile ukisikia mwanamume anafoka na mwanamke analia, unaendelea na shughuli zako.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa saba mchana, mwongozaji alitangaza mapumziko ya chakula. Alisema tukirudi tutarekodi onyesho ambalo Malkia anamhoji mumewe kwa kosa la kucheka na majirani. Malkia alivua joho lake la utawala, mshonaji akalichukua kwenda kulipunguza pindo. Yeye akapanda ngazi ya chuma kwenda chumba cha kuvalia kilicho ghorofani. Maiki ilibaki kwenye blauzi yake.

Kanuni inasema wakati wa mapumziko nizime maiki zote. Yake sikuizima. Nasema ukweli hata kama nitafukuzwa kazi: siku nyingi huwa siizimi. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita na nyumbani kwangu hakuna anayezungumza. Malkia akiwa anakula huimba kidogo puani, na mimi hula changu nikimsikiliza. Sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa kama kula na mtu.

Kama saa saba na nusu nilisikia mlango wa juu ukifunguliwa, kisha sauti ya mwanamume. Ilikuwa imefifia, kwa sababu maiki zile zinamshika vizuri aliyezivaa tu. Akasema, "Nani alikupa ruhusa ya kucheka nao?" Malkia akajibu, "Nisamehe, sikukusudia." Akaambiwa, "Ukitoka leo bila mimi, usirudi." Hayo ni maneno ya lile onyesho, karibu neno kwa neno. Palipotofautiana nilidhani ni yule kijana anayeigiza mume, maana kukariri kwake ni kwa kudra za Mungu tu. Shemeji sikumwaza kabisa, kwa kuwa huja jioni. Nikasema moyoni, leo wamepindua vizuri. Niliongeza sauti kidogo ili nifaidi.

Nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nikadhani ni kiti. Kisha Malkia akasema polepole, karibu kabisa na maiki, "Kaka, unanisikia?"

Hilo halimo katika onyesho lolote. Ndilo analoniuliza kila asubuhi ninapojaribu maiki yake, na mimi huinua kidole gumba juu ya pazia ili akione. Na pale, afande, mkono wangu ulijiinua wenyewe. Nilikaa nimeinua kidole katika kona isiyo na mtu, na yeye yuko ghorofani. Nilipogeuka kutazama meza ya chakula, yule kijana anayeigiza mume alikuwa amekaa pale, mdomo umejaa.

Nilitupa hedifoni nikakimbia. Kabla sijafika, Malkia alikuwa ameshaanguka chini ya ngazi, damu inatoka nyuma ya kichwa. Shemeji alikuwa juu, anashuka taratibu huku akiita watu. Alisema mkewe amejikwaa kwenye joho. Watu wote walimwitikia, hata mwongozaji. Mimi nilitazama upande wa mshonaji. Joho lilikuwa limelazwa kwenye cherehani ya mshonaji, na kila aliyekuja mbio alilipita.

Sikurekodi chochote. Mashine ya kurekodi ilikuwa imezimwa, nilikuwa nasikiliza tu. Nilicho nacho ni haya masikio.

Jana jioni nilikwenda hospitali. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni mwa wodi. Alinishukuru kwa kuja, kisha akaniuliza, "Wewe hasa ni nani wake?" Alisema mgonjwa amelala asisumbuliwe, na kwamba leo saa sita mchana daktari akimruhusu atampeleka nyumbani, na mambo ya kuigiza basi. Muuguzi aliniambia kwamba mgonjwa mwenyewe anasema alijikwaa.

Leo alfajiri nilimpigia simu mwandishi wa tamthilia, nikamuuliza maneno ya lile onyesho aliyatoa wapi. Alisema, "Malkia ndiye aliyenipa. Nikamtania kwamba ukatili wote huu anautoa wapi, dada mpole kama yeye."

Ninaogopa kwamba akirudi katika nyumba ile hatatoka tena mzima. Ninaogopa pia kwamba akijua nilikuwa namsikiliza akila, hatanisalimia tena. Sawa, asinisalimie, ilimradi awe hai.

Afande ameniuliza kama nitayarudia haya mbele ya shemeji. Nitayarudia.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapoishia. Nimesomewa, ni yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: imetiwa.

Kumbukumbu ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe leo tarehe 11, kuanzia saa tatu asubuhi. Shahidi alipoulizwa jina la ndugu wa kupigiwa simu akihitajika, alisema hana. Saa tano nilifika wodini nikiwa na askari wa kike. Mume aliombwa atupishe. Mgonjwa alisema alijikwaa. Nilipoanza kumsomea maelezo haya alitazama ukutani. Nilipofika pale shahidi alipoinua kidole, alinisimamisha, akauliza, "Kumbe alinisikia?" Nikamjibu ndiyo. Aliomba maji, akaomba mlango ufungwe, akasema niandike.