Macho ya Mzee Opicho

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimegonga maita, mashine yetu ya kukatia pembe za fremu. Naanza hapo hapo, maana nikizunguka sitaliandika.

Karakana tulifunga saa saba. Sylvance, bosi wetu, akaenda zake, wengine wakatawanyika mtaa mzima wa Baba Dogo. Nikabaki na ufunguo wa Mzee Opicho, fundi wetu mkongwe — alinipa nifagie, nifunge. Nikafagia. Halafu nikajiambia, Marion, dakika kumi tu, kata vipande vinne vya fremu ya kioo cha binti yangu Tiffany. Mabaki ya mbao yenyewe ni ya kwenda jikoni kuwa kuni. Nani ataumia?

Soketi ya pale mezani imelegea, inatoa cheche. Ekstensheni iliyopo ni ile nyembamba ya redio, na Mzee aliikataza tangu siku ya kwanza: maita inavuta stima nyingi, waya mwembamba utashika moto. Nikamtii! Nikaamua kuibeba mashine yenyewe hadi soketi ya ukutani. Lakini sikufunga ile pini inayozuia mkono wa mashine. Nilipoinua tu, mkono wenye bledi, ule msumeno wa duara, ukateleza kwenye reli zake hadi mwisho, uzito wote ukaenda upande mmoja, na fensi — chuma cha nyuma tunachoegemezea mbao — ikagonga kona ya ukuta. Ngo!

Bledi haijaguswa. Kava yake inapanda na kushuka. Nikaiwasha, ikalia vizuri. Nikairudisha mezani, nikafuta alama ukutani kwa mate. Fremu ya Tiffany hata sikuikata.

Jumatatu, 12 Mei

Kila Jumatatu zamu ya kukagua maita ni yangu. Mzee ndiye aliyeweka desturi: mkaguzi anaandika kwa chaki mezani, tarehe na neno SAWA, na baada ya hapo hakuna anayeuliza. Anasema chaki ni kama sahihi.

Nilikata kipande cha majaribio, nikageuza nusu moja juu chini, nikazisimamisha pamoja. Zikikutana bila kupitisha mwanga, fensi na bledi zinaelewana. Mwanga ulipita. Mwembamba kama ukucha, lakini ulipita.

Kurekebisha ni saa nzima. Na wangeuliza, imepotoka vipi, na Ijumaa ilikuwa sawa? Januari Sylvance alimfukuza fundi mwenzetu Mulwa kwa kujitengenezea kiti baada ya saa za kazi. Tena ufunguo ni wa Mzee, angeulizwa na yeye. (Hiki ndicho kisingizio ninachokipenda zaidi, kinanifanya nionekane mwema.) Na Sylvance huyo nyuma yangu, oda ya madrasa ya Pumwani mkononi — kabati kumi na sita za vitabu, kila moja milango miwili ya vioo, fremu za mahogani. "Mama Tiffany, leo tunakata ama tunaomba?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nikaandika SAWA.

Nilijiambia nitairekebisha saa ya lanchi. Mzee hakula lanchi. Alikata mpaka saa kumi, anaimba nyimbo zake za kanisani, na kila kipande akikimaliza anakipapasa kama kichwa cha mjukuu.

Jumatano, 14 Mei

Pembe haziingiani. Hata mlango mmoja! Ukikaza kona tatu, ya nne inafungua mdomo. Tulijaribu gundi na vumbi la mbao, ikaonekana kama kidonda kilichopakwa unga. Vipande mia moja na ishirini na nane, vyote vya kutupa.

Sylvance hakufoka. Afadhali angefoka. Alimshika Mzee begani akamwambia miaka sitini na mbili si mchezo, macho nayo huchoka, hakuna aibu. Mzee akaiangalia chaki yangu mezani. Akaniangalia mimi.

"Mama Tiffany, ulipima?"

"Nilipima, Mzee."

Si uongo! Nilipima. Ndiyo hiyo sentensi nimekuwa nikiitafuna jioni nzima na haimezeki.

Akakubali kwa kichwa. "Basi ni mimi."

Alhamisi, 15 Mei

Sylvance amemtoa Mzee kwenye maita. Amempa msasa. Mtu wa miaka thelathini na moja katika ufundi, anasugua rafu za kabati! Hakulalamika. Nimempelekea chai, akanishukuru mara mbili. Sikula.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikaribia kusema leo. Nilifika hadi "Mzee, kuna kitu." Akasema ndiyo mama, nini? Nikamwambia msasa wa namba mia umeisha.

Mimi ni mwoga. Acha liandikwe.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada Annah, mke wa Mzee, alinishika mkono nje ya kanisa. Anataka kujua kuna nini kazini, kwa sababu mzee wake hasemi. Nyumbani anafunika jicho moja kwa kiganja na kusoma kalenda ukutani, halafu anafunika la pili. Juzi alimwomba uzi na sindano. Akautunga mara ya kwanza, akasema pengine ni bahati, akautunga tena. Mara nne! Annah alicheka, lakini yeye hakucheka. Jana akanunua miwani kwa mchuuzi wa pale stejini kwenye matatu. Alijaribu moja baada ya nyingine, akachukua ile yenye vioo vizito kuliko zote, ati nzito ndiyo dawa.

Annah akaniambia nimwangalie kama mtoto wake. Nikasema nitamwangalia.

Mzee ndiye mtu aliyenipokea nilipokuwa napaka vanishi tu na karakana tatu zilikuwa zimenicheka — mwanamke na bledi wapi na wapi. Alinipa koti lake la kazi siku hiyo. Bado ninalo.

Jumatatu, 19 Mei

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote. Mahogani mpya inakuja leo, nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nitanyoosha mashine kimya kimya, kazi itoke vizuri, Mzee atarudi mahali pake na mambo yaishe. Ndivyo nilivyofikiri. Akili kubwa hiyo!

Stima kwanza: plagi nje, nikailaza mezani mbele ya macho yangu, kama alivyonifundisha, ili mtu asiniwashie mashine mikono ikiwa ndani. Nikashusha mkono wa mashine, nikaufunga. Nikalegeza nati za fensi. Nikaweka skwea, kipimo cha pembe, kwenye bapa la bledi, si kwenye meno — meno yanadanganya. Nikasogeza fensi kidogo, nikakaza nati moja nusu, ya pili nusu, nikarudi kwa ya kwanza. Ndipo nikachomeka, ukutani, na kukata. Mwanga. Nikachomoa, nikaanza upya. Mara ya tano nywele isingepita. Nikaandika SAWA, na safari hii ilikuwa kweli.

Saa mbili Mzee akaingia na miwani yake. Akamwomba Sylvance, kwa heshima ile iliyonichoma, amruhusu akate mlango mmoja tu. Akakata. Tukaunga. Kona nne zilifunga kama mfuniko wa sufuria.

Karakana nzima ilipiga makofi. Sylvance akasema, si nilisema ni macho! Mzee akavua miwani, akaifuta, machozi yanamlengalenga, akaivaa tena. Akasema Mungu amemrudishia kazi.

Nami nilipiga makofi. Mungu wangu, nilipiga makofi!

Jumatano, 21 Mei

Nimetengeneza uongo mkubwa kuliko wa kwanza. Nilinyoosha fensi, nikampotosha mtu.

Hahitaji miwani ile. Inamtesa. Anatembea kama anayeshuka ngazi asizozijua, anatanguliza mguu. Amegonga goti mara mbili kwenye benchi ambalo liko pale pale tangu nianze kazi hapa. Kichwa kinamuuma, anameza dawa mbili mbili. Anasema macho yatazoea.

Nilimwambia avae miwani akisoma tu. Akanijibu taratibu: "Nikiivua nitaharibu kazi ya watu tena, mama."

Ijumaa, 23 Mei

Mkono wake wa kushoto. Siku zote hukaa shubiri nzima mbali na bledi. Leo ulikuwa umbali wa vidole vinne tu, na yeye hajui.

Nilikwenda kwa Sylvance nikasema miwani ya Mzee si nzuri, apelekwe kliniki ya macho. Akasema ngoja tumalize Pumwani, sasa hivi anakata kama malaika. Ningeweza kuongeza sentensi moja tu. Sylvance alikuwa ananitazama, anasubiri, hata alisema "na?"

Nikasema hakuna.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Annah angekuwepo.

Tiffany ameuliza kioo chake kitapata fremu lini. Nimemfokea. Kisha nikamwomba msamaha, akasema, mum, uko na nini siku hizi? Mtoto wa miaka kumi na mmoja ananisoma. Sasa natembea na hili daftari kwenye mkoba, naogopa atalisoma na lenyewe.

Jumatatu, 26 Mei

Niko stoo ya karakana. Naandika kwa penseli ya kazi, nimekalia gunia la maranda. Mlango nimeufunga kwa ndani. Nafanya haraka, sijui kama haya yatasomeka.

Asubuhi hii Mzee aliifunga kava ya bledi juu kwa mpira wa baiskeli. Yeye! Aliyeniambia kwamba atakayeifunga kava ile juu aondoke mwenyewe kabla yeye hajamfukuza. Anasema kava na miwani pamoja vinamzibia mstari. Niliona kutoka upande wa pili wa karakana. Ameinama mpaka pua inakaribia mbao, bledi inazunguka wazi, na kidole gumba chake kimelala juu ya mstari wa penseli. Juu yake kabisa. Mkono wa kulia unaanza kushuka.

Ningepiga kelele ningemshtua. Nilikimbia ukutani nikang'oa plagi.

Bledi ilizunguka yenyewe kidogo, ikalegea, ikasimama. Haikumfikia. Mzee akainua kichwa akauliza kama stima imepotea. Hakujua! Bado kidole kiko pale pale.

Sylvance: "Nani amechomoa?"

"Mimi."

"Kwa nini? Watu wa Pumwani wanakuja saa sita!"

Wote wamesimama, wananitazama, plagi imo mkononi mwangu. Nikafungua mdomo. Nikasema nipeni dakika moja. Nikaingia huku.

Dakika hiyo imeshapita zamani. Namsikia Sylvance akiuliza huyu mama ameshikwa na nini. Sitatoka mpaka nijue sentensi ya kwanza. Niligonga mashine. Siku ya Jumamosi niligonga mashine na —

Mtu anagonga. Ni Mzee. Nakijua kishindo chake.

Anasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, kwamba ikiwa ameharibu tena nimwambie mimi, asisikie kwa Sylvance. Anasema hatakasirika. Anasema yuko tayari kurudi nyumbani Busia, ameshamwambia Annah aanze kufunga vitu.

Nimemwambia, "Mzee, vua kwanza hiyo miwani."

Naona viatu vyake chini ya mlango.

Amejibu kwamba akiivua hatauona uso wangu vizuri, na anataka kuuona nikimwambia.

Sentensi ya kwanza ninayo. Nimeshika komeo kwa mkono wa kushoto.